USAFI WA TANGI LA SAMAKI NYUMBANI

Wanafunzi wengi wameniuliza kwa nini samaki wangu wa kwanza walikufa ilhali nilikuwa nikiosha tangi lao mpaka likang'ara. Makala haya ni jibu lao, na ni nasaha pia kwa mzazi ambaye mtoto wake anataka kufuga samaki wa maji baridi katika tangi la kioo lenye mimea.

Kosa langu lilikuwa hili. Kila Ijumaa nilimwaga maji yote, nikasugua changarawe na sponji la chujio kwa sabuni, kisha nikajaza maji ya bomba papo hapo. Baada ya wiki tatu hakubaki samaki hata mmoja. Kumbe tangi linaweza kupendeza machoni na likawa na sumu ndani yake.

Maelezo yake ni kama ifuatavyo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Mwenyezi Mungu amejaalia vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo hukaa kwenye changarawe na ndani ya sponji. Baadhi yake hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Vingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na ni mbolea kwa mimea. Katika tangi jipya vijidudu hivyo huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kuenea. Mimi nilikuwa nikiviua kila Ijumaa!

Basi tufanye nini?

1. Anza na samaki wachache. Kila wiki badilisha robo tu ya maji. Tangi likiwa na lita 40, toa lita 10. Kujazia maji yaliyokauka hakutoshi, kwani maji hukauka lakini uchafu ulioyeyuka hubaki.

2. Chomoa umeme kwanza. Jaza mpira maji, ziba ncha zote mbili kwa vidole, tumbukiza ncha moja tangini na nyingine iweke kwenye ndoo iliyo chini, kisha achia. Pitisha mpira juu ya changarawe ili uvute uchafu. Usivute kwa mdomo.

3. Maji ya bomba huwa na klorini. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 ndipo uyatie tangini. Mahali ambapo maji hutiwa kloramini njia hiyo haifai. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo.

4. Mara moja kwa mwezi suuza sponji katika maji uliyoyatoa tangini. Sabuni isiguse kitu chochote.

5. Ondoa majani yaliyooza. Washa taa saa 6 hadi 8 kwa siku, na usiweke tangi kwenye jua, la sivyo utando wa kijani utafunika mimea.

6. Lisha mara moja kwa siku, chakula kinachomalizika kwa dakika 2.

Ukiona samaki wamepanda juu wanahema, usingoje siku ya zamu. Badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo.

Na yale maji machafu usiyamwage mtaroni. Mwagilia mchicha au maua, kwani yana mbolea, nawe utakuwa umeepuka israfu.

Ndugu mwanafunzi, samaki wa mtoni maji yakiharibika huhama. Huyu uliyemfungia kwenye kioo hana pa kwenda. Ni amana mikononi mwako, na haki yake ni ndoo moja ya maji kila wiki, hata wiki ya mitihani.

Wabillahi tawfiq.