Bwato gani kwa mama mwenye magoti mabaya?

Juma hili tuzungumze juu ya magoti na mitumbwi. Sisi wa Kamina tunaishi mbali na maji makubwa, lakini samaki wengi tunaowauza sokoni wanatoka Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu. Mama anayewafuata kule anapanda treni mpaka Bukama, kisha anashuka mtoni. Kuanzia Bukama, Lualaba inapitika kwa boti kwenda chini mpaka Kongolo. Na hapo ndipo mwenye magoti yaliyochoka anapata taabu: treni ina benchi, lakini bwato, kama tunavyouita mtumbwi nyumbani, mara nyingi hauna kitu cha kukalia.

Wamama wenye shida hiyo ninawaona wakifanya moja ya mambo mawili. Wengine wanaacha safari na kumtuma mtoto na feza. Mtoto anauziwa samaki wadogo kwa bei ya wakubwa, na mtaji unapungua kila mwezi. Wengine wanajikaza, wanaingia bwato wowote unaotoka kwanza, na wanapanda kukaa juu ya magunia kwa sababu kule juu wanaweza kunyoosha miguu. Njia ya kwanza inaua biashara. Ya pili inaweza kuua mama mwenyewe.

Iko njia ya tatu: kuchagua bwato. Wengi wanachagua kwa bei ao kwa mbio. Mwenye magoti mabaya achague kwa maswali matatu: nitaingia namna gani, nitakaa namna gani, nitatoka namna gani?

Kwa nini bwato unaumiza goti

Goti ni kama bawaba ya mlango. Likikunjwa mpaka mwisho, kama tunapochutama mbele ya mbabula, mfupa mdogo wa mbele ya goti unabanwa kwa nguvu juu ya mfupa wa paja. Kwa kijana si neno. Kwa mama ambaye ute na gegedu ya goti vimepungua, kila saa ya kuchutama inaongeza maumivu. Jambo la pili ni kukaa bila kutikisika. Goti lililokunjwa saa tatu linakauka, na siku nzima inayofuata linakataa kunyooka. Basi goti linaomba vitu viwili: lisikunjwe mpaka mwisho, na linyooshwe mara kwa mara.

Aina tatu za bwato

Wanafunzi wangu ninawaonyesha jambo hili kwa beseni la maji. Weka gogo la mviringo juu ya maji, kisha kipande cha ubao bapa. Gusa kila kimoja kwa kidole. Gogo linazunguka, ubao unabaki. Kisha weka jiwe dogo juu ya ubao, halafu jiwe lingine juu ya lile: kadiri mzigo unavyopanda, ndivyo ubao nao unavyoanza kupinduka. Ukielewa hayo mawili, yaani upana wa chini na urefu wa mzigo, unaweza kuupima bwato wowote.

Bwato wa mti mmoja uliochongwa ni mwembamba, na chini yake ni mviringo kama gogo letu. Ni mwepesi, na unapita katika njia nyembamba za mafunjo kwenye ziwa Kisale, ambako visiwa vya majani vinaelea na kufunga njia. Lakini lazima ukae chini kabisa, na huwezi kusimama ovyo. Wavuvi wa pwani ya Zanzibar nao wanatumia mtumbwi mwembamba, ngalawa, lakini wameufungia mbao mbili pembeni, kushoto na kulia, ili usipinduke. Mbao kama hizo zingenaswa katika mafunjo yetu, kwa hiyo kwetu usawa wote unabaki juu ya namna tunavyokaa.

Bwato wa mbao zilizopigiliwa ni mpana zaidi, na chini yake ni bapa. Unaweza kuwekwa benchi, na mtu anaweza kunyoosha miguu mbele. Kwa mwenye magoti mabaya, huu ndio wa kutafuta kwanza, hata kama unakwenda polepole na bei yake inazidi kidogo.

Balenieri, ile boti kubwa ya mbao yenye motere, ina nafasi ya kusimama na kunyoosha. Lakini ukuta wake ni mrefu. Kupanda ni kazi, na kushuka ni kazi kubwa zaidi. Tena ndiyo inayopakiwa kupita kiasi mara nyingi, kwa sababu mwenyewe anaona nafasi bado ipo.

Swali la kwanza: nitaingia namna gani?

Usikubali kuingia kwa pua ya bwato wakati imekwama kwenye matope. Omba wauweke ubavu kwa ubavu na ukingo, mtu mmoja ashike mbele, mwingine nyuma. Kama ukingo ni wa kadiri, kaa kwanza juu ya ukingo, ingiza miguu yote miwili ndani, kisha jisogeze. Mguu uguse katikati ya sakafu, usiguse pembeni. Wakati wa kiangazi maji yanashuka na ukingo unabaki juu. Hapo ubao mmoja mgumu wa kukanyagia una faida kuliko mikono ya vijana wanne wanaokuvuta.

Kama lazima ukanyage, kumbuka maneno haya: mguu mzima unapanda kwanza, mguu mgonjwa unashuka kwanza. Ukishuka ndani ya bwato, tanguliza ule unaouma, ili ule wenye nguvu ubebe mwili. Ukipanda kutoka, tanguliza ule wenye nguvu.

Swali la pili: nitakaa namna gani?

Ndani ya bwato wa mti mmoja kaa chini kabisa. Weka majani makavu ao gunia lililokunjwa ili maji yasikufikie, nyoosha miguu mbele, na chini ya magoti weka kitenge kilichoviringishwa. Mgongo uegemee mzigo uliofungwa vizuri. Ndani ya bwato wa mbao, omba benchi ya katikati, ao beba kiti chako kifupi kile cha mbabula. Lakini kiti kisipite ukingo wa bwato kwa urefu. Goti linapenda kiti kirefu, maji yanapenda kiti kifupi. Kati ya hayo mawili, yatii maji, kisha nyoosha miguu ili goti nalo lipate haki yake.

Kila baada ya muda mfupi, nyoosha mguu mmoja, chezesha kisigino, kisha mguu mwingine. Unafanya hivyo bila kuinuka.

Swali la tatu: nitatoka namna gani?

Swali hili linasahauliwa, nalo ndilo kubwa. Jipime nyumbani mbele ya safari. Kaa juu ya kiti kifupi, kunja mikono kifuani, simama. Ukiweza mara tano bila maumivu makali, bwato wa mbao unakufaa. Ukiweza kwa kujisukuma na mikono tu, tafuta bwato wenye kitu kigumu cha kushika pande zote mbili. Kama lazima mtu mwingine akuinue, usiingie bwato mwembamba hata kidogo, kwa sababu siku ya hatari huyo mtu atakuwa na maisha yake ya kuokoa.

Na hatari ipo. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama kwenye ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku kule Goma, na watu wengi walikufa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Watu wa nchi kavu walikuwa wakiitazama. Basi tusijidanganye kwamba kuwa karibu na ukingo kunatosha.

Kwa hiyo, mbele ya kuingia, tazama mbao. Kama baada ya kupakia huoni shubiri moja nzima ya ukingo juu ya maji, ngoja bwato mwingine. Na kama mnavuka ziwa lenye upepo, taka zaidi ya hapo. Vaa jile ya kuokolea. Kama hakuna, shika bidoni tupu ya lita 20 iliyofungwa kizibo sawasawa. Usifunge kitenge kwa fundo gumu kwenye miguu. Bwato wa mbao ukipinduka mara nyingi unaelea: ushikilie, usiuache ili kufuata gunia. Na usisafiri usiku.

Juu ya dawa

Najua tunanunua vidonge vya dikilofenaki sokoni na kuvimeza kila siku ya safari. Vikitumiwa hovyo vinatoboa tumbo na kuharibu figo, na ni vya kuogopa zaidi kwa mwenye presha. Dexa ni hatari zaidi: inaficha maumivu huku ikidhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Muulize muuguzi kwanza. Goti lililovimba, lenye moto na homa, si la kusafiri nalo. Ni la kupeleka hospitali siku ile ile.

Dawa isiyouzwa ni hii: kaa kitini, nyoosha mguu mmoja mpaka unyooke kabisa, hesabu mpaka 5, ushushe. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti linabebewa mzigo wake.

Tunaloweza kufanya pamoja

Mama mmoja akimwambia kapita wa bwato apunguze magunia, atachekwa. Wamama wanne wakisema pamoja, na feza ya nauli bado iko mikononi mwao, atasikia. Ninapendekeza wanaokwenda Bukama wapange tarehe moja, wakodishe bwato mmoja mpana, na chama chetu kinunue ubao wa kukanyagia na jile chache ambazo kila kundi litazichukua na kuzirudisha. Tulete jambo hili kwenye mkutano ujao, na kila mama aje na hesabu ya nauli anayolipa. Ambaye magoti yake bado ni mazuri, naye aje, maana ndiye atakayeshika pua ya bwato wakati mwenzake anaingia.