Stetasi Yako Inaonwa na Watu 20 Tu? Soma Hapa Kabla ya Kutangaza Mzigo Mwingine

Leo tunaongea na wewe unayeuza kwa simu ukiwa Tandala, Njombe mjini, Makambako au kokote ambako mteja yuko mbali na mzigo.

Una viazi vizuri, parachichi safi au mbao kavu. Unarusha stetasi asubuhi na jioni. Wanaoangalia ni walewale 20: shemeji, mwanakwaya mwenzako na rafiki uliyesoma naye. Wanakuwekea moyo, hawanunui. Bando linaisha na viazi vinaanza kuota stoo. Twende pamoja tuone pa kurekebisha.

1. JUA NANI ANAIONA STETASI YAKO

Stetasi ya WhatsApp inakaa saa 24, na inamfikia mtu kama mmesevu namba pande zote mbili. Yule mteja aliyenunua gunia tatu mwezi uliopita, kama hajasevu namba yako, haoni kitu hata urushe mara kumi kwa siku. Orodha ya matangazo nayo ni hivyohivyo. Unaweza kuweka watu hadi 256 kwenye orodha moja, lakini ujumbe unamfikia aliyekusevu tu.

Kwa hiyo mteja akishalipa, mwambie palepale: "Ahsante bosi, naomba unisevu Viazi Tandala, mzigo mpya ukitoka utauona stetasi." Na wewe msevu kwa kitu anachonunua na mahali alipo, mfano "Chipsi Mbagala". Msimu ujao hutahangaika kukumbuka nani ni nani.

2. TAJA MAHALI ANAPOPAJUA MTEJA

Mtu wa Dar es Salaam anaweza asijue Tandala iko wapi. Andika "Tandala, Makete, mkoa wa Njombe". Halafu ongeza mzigo unapakiwa wapi. Makambako inajulikana: hapo ndipo barabara ya Songea kupitia Njombe inakutana na barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya na Tunduma, na reli ya TAZARA inapita. Ukiandika "tunapakia Makambako", mteja anaanza kupiga hesabu ya usafiri bila kukuuliza.

3. WEKA BEI NA KIPIMO WAZI

"Bei njoo inboksi" inakukosesha wateja. Mnunuzi wa jumla anauliza wauzaji watano kwa mkupuo, na aliyeweka bei wazi ndiye anayepigiwa simu kwanza.

Na usiseme "gunia" peke yake, taja kilo. Lumbesa imekatazwa kisheria: gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanakagua. Piga picha gunia likiwa juu ya mzani, namba zikisomeka. Picha hiyo moja inajibu maswali mengi.

Bei igawanye. Mfano tu, wewe weka namba zako: viazi kilo 100 ni 70,000, usafiri hadi Dar 12,000, upakiaji 1,500, jumla 83,500. Mteja akiona mgawanyo anaelewa pesa inaenda wapi, na kupunguziana bei kunakuwa kwa hesabu.

4. PIGA PICHA YA KWELI

Huku kwetu asubuhi ukungu unaficha kila kitu. Subiri uondoke, toa mzigo nje ya stoo, piga kwenye mwanga wa jua. Mwaga viazi chini vyote, vikubwa kwa vidogo, uvioneshe vilivyo. Ukionesha vikubwa tu vya juu ya gunia, mteja atafungua mzigo Dar na ugomvi utaanzia hapo.

Kama unauza parachichi aina ya Hass, mweleze mteja mapema kwamba likiiva linaacha ukijani na kuwa zambarau iliyokolea, karibu jeusi. Aliyezoea parachichi za kijani anaweza kudhani umemtumia zilizooza.

5. TUMIA WHATSAPP BUSINESS

Ni programu ya bure. Inakupa katalogi ya kuweka bidhaa na bei, majibu ya haraka uliyoyaandaa, na lebo za kutenganisha "amelipa" na "bado". Namba moja haiwezi kutumika WhatsApp ya kawaida na ya Business kwa pamoja, kwa hiyo wengi wanatenga laini ya biashara.

Kwenye tangazo lako la Facebook au Instagram weka wa.me/ ikifuatiwa na 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo. Mteja akibonyeza anaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo na wewe.

6. LINDA PESA NA LINDA AKAUNTI

Mzigo ukishavuka Makambako umeenda, kuurudisha ni gharama. Kwa hiyo usipakie kwa kuona meseji ya malipo au picha ya muamala aliyokutumia mteja. Hivyo vinatengenezwa. Fungua menyu ya pesa, angalia salio mwenyewe, ndipo gari liondoke. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040.

Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, upo kwenye Mipangilio, sehemu ya Akaunti. Na tarakimu zinazoingia kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata akisema ni mhudumu wa mtandao. Tapeli akiichukua akaunti yako anawaandikia wateja wako wote watume pesa kwake, na hao wateja watakulaumu wewe.

KAZI YA LEO

Usifanye yote kwa siku moja. Chukua wateja 10 wa mwisho kununua kwako, wapigie au waandikie, waombe wakusevu. Kesho ukirusha stetasi ya mzigo, hesabu wangapi kati yao wameiona. Hao wameshawahi kukupa pesa, na mmoja wao akiagiza tena ni bora kuliko mioyo 50 ya mashemeji.

Una swali au una mbinu inayokusaidia huko uliko? Andika hapo chini tujifunze wote. Na mshirikishe mwenzako anayeuza kwa simu.