Durham: Matembezi mafupi ya mtoni na watoto

MPELEKE mtoto wa miaka saba katika kanisa kuu la kale na umwambie lina zaidi ya miaka 900. Dakika tano za kwanza atashangaa. Ya sita atauliza watakula nini.

Ndiyo maana familia inayofika Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, iwe kuwatembelea ndugu au kumsindikiza kijana chuoni, ingefanya vema kuanza na mto. Kanisa lifuate baadaye, wakati watoto wameshachoka kukimbia.

Mto Wear umeuzunguka mji wa kale pande tatu, kama herufi U, na katikati kumebaki kilima chenye miteremko mikali. Ndipo watawa walipoleta jeneza la Mtakatifu Cuthbert mwaka 995, miaka zaidi ya 100 baada ya watangulizi wao kukimbia kisiwa chao kwa hofu ya Waviking. Kanisa la sasa lilianza kujengwa mwaka 1093, na pembeni yake kuna ngome. Vyote viwili viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa Unesco mwaka 1986. Mtoto akishauona mto, hahitaji kuelezwa sana kwa nini watu wale walichagua kilima kile.

Mahali pazuri pa kuanzia ni daraja la Elvet, lililoanza kujengwa karne ya 12. Msimu wa joto hukodishwa mashua za makasia hapo chini. Shuka kwenye njia ya ukingoni upande wa kilima, mto ukiwa mkono wa kushoto, kisha fuata miti.

Njiani kuna kajumba kadogo chenye nguzo mbele kama hekalu la Wagiriki. Kinaitwa Nyumba ya Count, ingawa mwenyewe hakuishi humo bali jirani na hapo. Huyo ni Józef Boruwłaski, Mpolandi ambaye urefu wake haukufika mita moja. Ujanani alizungushwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya ili watu wamtazame. Uzeeni akatulia Durham, akafariki mwaka 1837 akiwa na miaka 97, na akazikwa ndani ya kanisa kuu. Kwa mtoto anayetaniwa shuleni kwa ufupi wake, hadithi hii ina uzito kuliko majina yote ya maaskofu.

Mbele kidogo ni daraja la Prebends, lililojengwa kati ya 1772 na 1778 baada ya mafuriko ya mwaka 1771 kulibomoa lililotangulia. Vuka, ugeuke kulia. Kutoka ng'ambo hii minara ya kanisa inaonekana juu ya miti, na chini yake maji yanaporomoka kwenye ukuta mfupi wa mawe uliokatiza mto. Kando ya maji limesimama jengo la kinu cha kale, ambako nguvu ya mto iliendesha nyundo za kuponda vitambaa vya sufu. Mchoraji Turner aliipenda mandhari hii. Watoto wataupenda zaidi mlio wa maji.

Na hapo ndipo mzazi hapaswi kushika simu. Wear unaonekana mpole, lakini kati ya 2013 na 2015 wanafunzi watatu wa chuo kikuu walikufa maji mtoni humo kwa matukio tofauti, na hao walikuwa watu wazima. Usalama wa kingo uliangaliwa upya baada ya hapo, lakini uzio haupo kila mahali. Mvua ikinyesha, njia huwa na tope na majani yanateleza. Mdogo ashikwe mkono na atembee upande wa miti, na mkubwa asitangulie mpaka akapotea machoni. Kigari cha mtoto kitasumbua sehemu nyingine, hivyo mchanga ni heri abebwe mgongoni.

Njia inafika daraja la Framwellgate, kisha unapanda mtaa wa Silver hadi sokoni. Mzunguko mzima haufiki kilomita tatu. Mtu mzima humaliza kwa chini ya saa moja. Ukiwa na watoto, tenga mbili.

Sasa panda kanisani. Hakuna kiingilio, ila wageni huombwa mchango. Mlangoni kuna kigongeo cha shaba chenye uso wa mnyama wa kutisha. Hicho ni nakala, kile cha asili kimehifadhiwa. Zamani mkosaji aliyekimbilia hapo alipewa hifadhi ya siku 37 ili achague kushtakiwa au kuihama nchi. Waulize watoto wangechagua lipi, halafu wasikilize wakibishana.

Ndani, waambie waziangalie nguzo nyembamba za jiwe jeusi. Humo mna alama za viumbe wa baharini walioganda kuwa mawe mamilioni ya miaka iliyopita. Atakayeiona ya kwanza ndiye achague chakula.

Treni kutoka London huchukua takriban saa tatu, na reli hiyohiyo huendelea hadi Edinburgh, alikosoma Mwalimu Nyerere. Wakati wa kurudi London, kaeni upande wa kushoto. Treni ikishatoka tu kituoni, kanisa lote linaonekana dirishani, ila kwa muda mfupi mno.