Kuhimili Maji si Kutoingia Maji

Wachuuzi wa Umoja na Kayole husifu simu kuwa 'haiingii maji'. Kwangu mimi mwanaisimu, 'haiingii' na 'huhimili' ni maneno mbalimbali kabisa. Katika alama ya IP68, 6 yahusu vumbi. 8 yahusu kuzamishwa katika maji matamu yaliyotulia, kwa kina na muda alioutaja mtengenezaji mwenyewe. Sabuni, chumvi na mafuriko kama yale ya Aprili 2024 hayamo. Tena mpira wa kuziba huchakaa, na fundi akiisha kuifungua simu, alama hubaki ya karatasini. Mwaka 2022, Australia, Samsung ilitozwa faini ya dola milioni 14 za huko kwa kutangaza simu za kuogelea nazo. Dhamana nayo, ndugu msomaji, kwa kawaida huyatenga madhara ya maji.