Kiboko wa Kazinga na kiboko wa kioo: makazi ya mnyama wa maji hupimwa kwa nini?

KASESE – Lori linalotoka Mpondwe na kupita Bwera likielekea Mbarara hukata kulia kwenye njia panda ya Kikorongo, kisha huvuka daraja la Katunguru. Chini ya daraja hilo kuna Mfereji wa Kazinga, njia ya maji ya asili inayounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Wachuuzi wa samaki na madereva wa mizigo wamezoea kuwaona viboko huku, wakati katika miji ya mbali watu hupanga foleni na kulipa kiingilio ili wamwone mmoja tu.

Kiu hiyo si ya leo. Mwaka 1850 kiboko mchanga aliyeitwa Obaysch, aliyekamatwa kwenye Nile Nyeupe, alifikishwa katika bustani ya wanyama ya London na watu wakafurika kumtazama. Kwa miaka mingi baada ya hapo, makazi ya kiboko katika bustani nyingi yalikuwa birika la saruji lenye maji machafu, na mtazamaji aliambulia masikio na pua.

Mwaka 1986 bustani ya Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, ilifungua bwawa lenye ukuta wa kioo na mitambo ya kuchuja maji. Berlin ilifuata mwaka 1997 kwa jumba la viboko lenye mapaa ya kioo. Hapo watu wakaona jambo ambalo hata abiria wa mashua za Kazinga halioni vizuri: kiboko haogelei kama samaki. Hukanyaga chini na kujisukuma, akishikilia pumzi kwa dakika tano hivi.

Hata hivyo, kioo kina gharama yake. Kiboko mmoja hula nyasi kiasi cha kilo 40 kwa usiku, na sehemu kubwa ya kinyesi chake huishia majini. Mtambo wa kuchuja ukizimika, bwawa hugeuka tope kwa muda mfupi. Huko Kazinga kazi hiyo haina fundi wala bili ya umeme: maji yanatembea, na kinyesi hicho kinaingia katika mzunguko wa chakula cha ziwa, ambamo wamo samaki wanaouzwa Katwe na Katunguru.

Tena kioo huonyesha mchana na kuficha usiku. Wakazi wa vijiji vya wavuvi wanajua kwamba jua likizama kiboko hupanda nchi kavu kulisha, wakati mwingine hadi kwenye mashamba, na kukutana naye njiani ni hatari ya kufa. Mnyama huyu ana makazi mawili: maji ya kulinda ngozi yake dhidi ya jua, na malisho ya kushibisha tumbo. Bustani inayompa bwawa zuri bila ukingo mpana wa kutembea imempa nusu ya nyumba.

Mfano wa karibu uko Mombasa. Machimbo ya saruji ya Bamburi yalianza kupandwa miti mwaka 1971, na leo ni Haller Park, yenye mabwawa na kivuli. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyepotezana na kundi lake karibu na mdomo wa mto Sabaki aliokolewa na kupelekwa huko. Aliitwa Owen, na urafiki wake na kobe mkubwa aitwaye Mzee ulisimuliwa duniani kote. Baadaye aliwekwa pamoja na kiboko jike, Cleo, kwa sababu kiboko huhitaji viboko wenzake.

Entebbe nako kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 1952 kuwa makazi ya wanyama yatima. Leo kinafundisha uhifadhi na kupanga wanyama kwa kufuata mazingira yao: nyika, msitu na kinamasi. Miongoni mwa ndege wake ni korongo-nyangumi, yule mwenye mdomo mkubwa kama kiatu, ambaye porini husimama kimya kwenye mafunjo akimvizia kamongo. Ndege huyu huzaa kwa shida sana akiwa kifungoni. Kifaranga wa kwanza kujulikana kuanguliwa katika bustani alipatikana mwaka 2008 huko Pairi Daiza, Ubelgiji.

Shida hiyo ya kuzalisha ndiyo huzaa kishawishi cha kukamata ndege na wanyama porini, na hapo habari hii inamgusa anayevuka mto Lhubiriha na mzigo. Korongo mwenye taji, ndege wa taifa la Uganda, amepungua, na moja ya sababu ni kukamatwa kwa ajili ya wafugaji na bustani. Kasuku wa kijivu kutoka misitu ya Kongo haruhusiwi kuuzwa kimataifa kibiashara akiwa ametoka porini tangu Januari 2017, chini ya mkataba wa CITES, ambao Uganda na Kongo zote ni wanachama.

Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukufuta kibali hicho. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu kifungo cha maisha, faini ya hadi shilingi bilioni 20, au vyote viwili, kwa kosa linalohusu spishi iliyo hatarini kutoweka. Dereva anayekubali kubeba tenga asilojua lina nini anahatarisha uhuru wake.

Upande wa pili wa Ziwa Edward unaonyesha kinachoweza kupotea. Hifadhi ya Virunga ilikuwa na viboko wapatao 29,000 katika miaka ya 1970. Kufikia 2005 ujangili na vita vilikuwa vimebakiza chini ya 1,000. Aprili 2025 kimeta kiliua wengine wapatao 50, na mizoga ikaonekana ikielea kuelekea ziwani. Anayenunua nyama ya magendo au samaki kutoka eneo lenye mizoga ana sababu ya kuuliza maswali kabla ya kutoa fedha.

Bustani nzuri, basi, hujulikana kwa ukingo wake, tope lake na maji yanayobadilishwa, hata kama haina kioo. Kwa kipimo hicho, makazi bora ya kiboko bado ni yale yaliyo chini ya daraja la Katunguru, maadamu maji, nyasi na kundi vinabaki pamoja.