Maombi Si Hongo kwa Mungu

Kila unapowadia mtihani wa KCSE, shule nyingi humu nchini hutenga siku ya maombi. Wazazi hualikwa, wahubiri hufika, na watahiniwa huinua kalamu zao juu ili zibarikiwe. Desturi hiyo haina ubaya. Ubaya huzuka baadaye, matokeo yanapotangazwa.

Aliwahi kunijia ofisini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa ameufanya mtihani huo mara mbili. Alipoanguka mara ya kwanza, mtu mzima aliyemheshimu sana alimwambia kwamba imani yake ilikuwa haba. Akarudia, akafaulu, walakini jeraha lile halikupona. “Mwalimu,” aliniuliza, “yaani Mungu alinikataa kwanza, kisha akabadili nia?”

Mimi ni mwanaisimu, si mwanatheolojia. Jibu sikuwa nalo. Nilimwazima kitabu cha mhubiri Mmarekani, Harry Emerson Fosdick, kiitwacho The Meaning of Prayer, kilichochapishwa mwaka 1915.

Fosdick, aliyezaliwa mwaka 1878, hakuandika juu ya sala kama mtu aliyeketi kivulini. Alipokuwa angali mwanafunzi wa theolojia alielemewa na unyong'onyevu wa akili, hata akakaribia kujitoa uhai, akalazimika kulazwa kwa miezi. Katika tawasifu yake ya mwaka 1956 alikiri kwamba lau si masaibu hayo, kitabu hicho kisingaliandikwa.

Fosdick alifunza nini? Kwamba Mungu si afisa mgumu anayesubiri kubembelezwa ndipo atie sahihi. Binadamu hushirikiana naye kwa kufikiri, kwa kutenda na kwa kusali, na hakuna njia moja inayoweza kufanya kazi ya nyingine. Mkulima wa Trans Nzoia huchagua mbegu, hulima, kisha huomba. Akiacha jembe ghalani, maombi hayatampalilia mahindi.

Alifunza pia kwamba sala ya kweli ya mtu ni ile tamaa kuu inayoyatawala maisha yake, hata ulimi wake ukitamka mengine. Hapo ndipo penye mwiba. Mwaka 2015 matokeo ya maelfu ya watahiniwa wa KCSE yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mtahiniwa anayepiga magoti mchana na kusaka karatasi ya wizi usiku, ombi lake hasa ni lipi? Na mzazi aliyetoa pesa za karatasi hiyo, je?

Pengine lugha yetu nayo hutupoteza kidogo. Twaomba Mungu, twaomba kazi, na maskini huomba njiani. Kitenzi ni hicho hicho. Si ajabu basi sala kufanana na barua ya kutafuta ajira. Lakini tulitazame neno imani. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa amini, amani na amana. Kuwa na imani, basi, ni kama kuweka amana: kumkabidhi mwingine kitu ukatulia. Si kipimo cha kumtoza aliyekosa alichokiomba.

Jumuiya nalo ni ndugu wa jamaa, jamii na Ijumaa. Maana yake ya msingi ni kukusanyika, wala si kukubaliana katika kila jambo. Fosdick aliitetea maana hiyo mnamo Mei 21, 1922. Akiwa Mbaptisti katika mimbari ya Wapresbiteri jijini New York, aliwasihi Wakristo wanaoshikilia kila herufi na wale wenye fikra huru wavumiliane katika kanisa moja. Tufani ikazuka, na hatimaye akaiacha mimbari hiyo. Mwaka 1930 Riverside Church ilifunguliwa, akiwa mchungaji wake, ili kuwapokea Wakristo wa madhehebu yote. Ni kweli kwamba ilijengwa kwa mali ya tajiri Rockefeller, na wakosoaji hawakukosa la kusema.

Yuko atakayeteta kwamba Mungu wa namna hii yu mbali mno. Kwamba mama aliyempakata mtoto mgonjwa anataka uponyaji, si falsafa. Nakubali. Mimi pia nimeomba hivyo, nami sijutii. Mtoto humwomba baba yake lolote. Ninachokataa ni kuligeuza jibu la “la” kuwa hukumu juu ya mtoto.

Walimu wenzangu, siku ya maombi itakapofika, tuwaombee watahiniwa ujasiri na uaminifu. Kisha tuombe kwa sauti, wote wasikie, kwamba atakayeanguka ataendelea kuwa wetu. Na Machi ikiwa imepita, tumtafute nyumbani kwao. Ombi hilo halina haja ya kusubiri muujiza. Kulijibu kumo mikononi mwetu.