Mgonjwa Akipona, Alale Mtaa Gani?

Katika wodi ya afya ya akili, swali gumu huja siku ya kuruhusiwa. Kijana mmoja niliyemtibu alikwisha kupata nafuu: usingizi ulirejea, sauti alizokuwa akizisikia zilinyamaza, na dawa alizimeza bila kuhimizwa. Nilipomweleza kwamba anaweza kuondoka, aliniuliza, “Niende wapi, daktari?” Ndugu zake walikuwa wamehama. Akabaki wodini majuma matatu zaidi, si kwa ugonjwa, bali kwa kukosa pa kulala.

Jiji la New York lilikabiliwa na swali hilo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1955 hospitali za akili za jimbo hilo zilikuwa na wagonjwa wapatao 93,000. Katika miongo iliyofuata wengi waliruhusiwa, lakini makazi ya kuwapokea hayakutosha. Mwaka 1981, makubaliano yaliyofikiwa mahakamani yalilibana jiji kuwapa malazi wanaume wasio na makao walioyaomba. Ndipo ukazuka ugomvi mwingine: malazi hayo yajengwe wapi? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mitaa yenye fedha na mawakili ilijua kukataa. Majengo yakarundikana penye wanyonge na viwanja vya bei nafuu.

Marekebisho ya katiba ya jiji ya mwaka 1989 yalidai mgawanyo wa haki, na vigezo vyake vikaanza kutumika mwaka 1991. Kabla ya kuchagua eneo, idara hutakiwa kupima mahitaji, gharama, na wingi wa huduma za aina hiyo zilizokwisha kuwapo jirani. Hata hivyo, kupima si kuzuia, na mrundikano haukwisha.

Kwa tabibu, hili si suala la ramani tu. Malazi ya dharura humpa mtu kitanda cha usiku. Makazi yenye huduma humpa chumba chake mwenyewe, pamoja na mtu wa kumfuatilia. Yakirundikana mahali pamoja, zahanati ya jirani huelemewa, na mgonjwa hutengwa na jamii anayopaswa kurejea. Lakini kugawa kwa hesabu peke yake nako si haki: nyumba iliyo mbali na kliniki, soko na usafiri humfanya mgonjwa akatize dawa.

Majirani huhofia thamani ya nyumba zao. Hofu hiyo isidharauliwe; ijibiwe kwa ushahidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha New York uliotolewa mwaka 2008 haukuona kwamba makazi yenye huduma yaliteremsha bei za nyumba zilizo jirani.

Hata Dar es Salaam tumejifunza jambo linalofanana. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, na dawa ilikuwa ikinywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kliniki zilipofunguliwa pia Mwananyamala na Temeke, safari ya wengi ilifupika. Huduma iliyo karibu ni sehemu ya tiba yenyewe.

Basi, mhudumu mwenzangu, muulize mgonjwa atalala wapi tangu siku anayolazwa, wala usingoje siku ya kuruhusiwa. Nawe mgonjwa au ndugu, usione haya kulitaja tatizo la makazi mbele ya daktari. Na siku mkutano wa mtaa utakapojadili nyumba ya namna hii, tukumbuke kwamba atakayeihitaji kesho huenda akawa wa nyumbani kwetu.